Yangeyange wa Pande Mbili

Jumatatu, 4 Agosti

Shajara mpendwa, pokea salamu nyingi pamoja na heshima zangu. Niwie radhi kwa kimya cha wiki nzima, nilikuwa vitani. Uwanja wetu wa ndege, kama kisiwa chenyewe, ni mdogo: njia moja ya kurukia, raia kusini, jeshi kaskazini. Mimi hufukuza yangeyange, wale ndege weupe, upande wa kusini kwa kupiga debe. Sajini wa jeshi hufukuza wa kaskazini kwa firimbi. Huwafukuzia kwangu. Leo Meneja amenionya, kwa upole: ndege ya abiria ikichelewa tena kwa ajili yao, nitapumzishwa. Nikapumzikie wapi? Tangu marehemu mke wangu atangulie, nyumba ile haina hata wa kunigombeza.

Jumanne, 5 Agosti

Nimepata wazo. Yangeyange hupenda panzi, na panzi huruka mashine ya kukata nyasi inapopita. Nimemsihi shemeji yangu, dereva wa mashine hiyo, akalikatie jeshi nyasi, kama zawadi. Wakamfuata wote, weupe pepepe, kama wanakwaya nyuma ya mwalimu wao. Sajini akapaza sauti kutoka ng'ambo: eti Babu, umewaambia nini hawa? Nikavua kofia, nikainama. Jioni chai, sukari ya ziada.

Jumatano, 6 Agosti

Jeshi halikai na fadhila za watu, asema Sajini. Ametuma kikosi kizima na mafyekeo, wakatufyekea kusini kote. Yangeyange wamerudi, na jamaa zao. Shemeji amenikumbusha kwamba penye kuku wengi hapamwagwi mtama. Nimemshukuru kwa hekima hiyo. Sitaitumia.

Alhamisi, 7 Agosti

Uniwie radhi kwa mwandiko. Nacheka, na sistahili. Alfajiri nilimtuma shemeji kaskazini tena. Kumbe Sajini naye keshatuma watu kusini! Panzi wa pande zote wakakimbilia katikati, kwenye lami. Yangeyange nyuma yao. Ndege ya abiria ikazunguka juu. Ya jeshi ikazunguka nyuma yake. Debe na firimbi tukakimbia bega kwa bega, tukibishana nani ashike kushoto. Meneja amenipa hadi Jumatatu.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimesali, nimetafakari. Kosa ni la firimbi. Jumatatu alfajiri shemeji atakata tena kaskazini. Aidha nimemwandikia Kanali, kwa unyenyekevu, amhamishie Sajini jikoni. Kwa kuwa raia haruhusiwi kuvuka mstari wa njano wa ofisi za jeshi, barua ataichukua Sajini mwenyewe. Bahasha haikushika gundi, nami nimemwomba kwa adabu asiisome. Amekubali papo hapo. Kijana muungwana, nilimdhania vibaya.