Mbuzi Mmoja kwa Kila Kichwa

Halfani wa Bagamoyo alikuwa mtu wa kuheshimika sana, ilmradi asikae mahali pamoja muda mrefu. Kilosa walimheshimu mpaka mwenye duka aliporudi kutoka safari. Mpwapwa walimheshimu mpaka walipoifungua ile chupa aliyowauzia. Na Dodoma, ambako reli ya Mdachi ilikuwa imefika juzijuzi tu na kila mtu ana haraka zake, heshima haikumaliza hata wiki. Basi akaondoka alfajiri, kabla waliomheshimu hawajaamka, akiswaga punda wawili na robota nono la nguo za amerikani, ambalo wewe na mimi tusiulizane lilikotoka.

Punda wale na robota lile ndiyo yaliyokuwa maisha yake yote. Wakwe zake walikwisha kumwambia kwamba akirudi tena mikono mitupu, asikanyage kizingiti. Mkewe Zaitun hakumtetea. Alikaa anachambua mchele, kimya, na ukimya ule ulimkera Halfani kuliko matusi ya shemeji zake wote. Sasa alikuwa na kitu, lakini alitaka zaidi: aingie Bagamoyo na kundi la mbuzi mbele yake, watu watoke barazani kutazama, na Zaitun aache ule mchele.

Alikuwa anawaza hayo hayo, jua limesimama utosini, alipofika kijiji kimoja upande wa Buigiri na kuona jambo lililomfanya awasimamishe punda. Kijiji kizima hakikuwa na nywele. Wazee, vijana, akina mama kisimani, hata watoto wachanga migongoni, vichwa vyote vimenyolewa, vinang'aa kama vibuyu vilivyooshwa.

"Kulikoni huku, mama?" alimwuliza mwanamke mmoja aliyekuwa akiteka maji.

"Tumezika," alijibu yule mwanamke. "Mzee mkubwa wa ukoo. Jana tumeondoa matanga, tumenyoa wote."

Mtu mwingine angesema pole akapita. Halfani naye alisema pole, tena kwa sauti iliyolowa machozi, lakini moyoni ngoma ilikuwa imeshaanza. Watu wote hawa hawana nywele. Na watu wote hawa wataota nywele, wapake dawa, wapake matope, wasipake kitu. Tangu aanze kazi ya kudanganya watu hajapata kukutana na uongo ambao utatimia wenyewe. Alikaribia kulia kwa furaha, na yule mama, alipoyaona macho yake, akamwona ni mgeni mwenye huruma.

Akapiga kambi nyuma ya majabali, akaanza kupika. Mafuta ya nyonyo alinunua kwa kikongwe mmoja, nta kwa mrina asali, samli kwa mchungaji, vyote kwa kipande kidogo cha amerikani. Akayeyusha nta taratibu juu ya moto wa makaa, akamimina nyonyo, akatia samli, akakoroga kwa kijiti mpaka ikawa nzito kama uji, kisha akaichuja kwa pindo la kanzu yake ya zamani. Mwisho akasaga karafuu chache alizokuja nazo kutoka pwani, kwa sababu dawa isiyonukia hainunuliki. Akajaribu kidogo kwenye visigino vyake, vilivyopasuka kwa upepo mkavu wa nchi ile, na kufikia jioni vikalainika. Na lazima tumtendee haki: ilikuwa marhamu nzuri. Angeiuza kama mafuta ya ngozi angepata riziki ya halali, lakini wazo hilo halikumpitia hata kwa bahati mbaya.

Kesho yake akaenda barazani kwa Jumbe Matonya. Jumbe alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye sauti ya chini, aliyewekwa na boma kukusanya kodi na ambaye watu walimpenda hata hivyo, jambo ambalo si dogo. Alikaa kichwa wazi kama wenzake kwa ajili ya msiba. Pembeni alikaa mkewe, Loisi, msomaji wa misheni, mwanamke mwembamba mwenye macho yasiyotulia.

"Shikamoo Jumbe. Mbukwenyi, jamaa zangu. Poleni na msiba."

"Tumeshapoa. Karibu, mwungwana. Una shida gani?"

"Mimi sina shida, Jumbe. Mimi nimeona shida yenu." Akafungua kibuyu, harufu ya karafuu ikatembea barazani. "Hii ni marhamu ya Stambuli. Sultani mwenyewe, alipopatwa na homa nywele zikamtoka, alipakwa hii. Ndevu zilimfika hapa."

"Si ulisema nywele?" aliuliza Loisi.

"Zilianza nywele, zikashuka zikawa ndevu. Ndiyo nguvu yake."

Loisi akakichukua kile kibuyu, akachovya kidole, akanusa, akajipaka kwenye kiwiko. "Nyonyo," alisema. "Na nta. Na samli, tena si ya leo."

Watu wengine wangeyeyuka. Halfani alitabasamu kama mwalimu aliyepata mwanafunzi mwerevu. "Umepatia, mama. Lakini nyonyo ya Stambuli. Kule inaota juu ya makaburi ya mawalii. Huku kwenu inaota wapi?"

"Nyuma ya choo."

"Basi umeona tofauti."

Baraza likacheka. Jumbe akajipapasa kichwa, taratibu, kwa kiganja kizima, kisha akauliza bei. Halfani akasogea karibu, maana hapa ndipo kazi ilipo. Akawaambia hataki kitu leo. Kila mtu atajipaka asubuhi na jioni, na nywele zikishaonekana, atalipa mbuzi mmoja kwa kila kichwa. Nani amewahi kuona mwuza dawa anayengoja dawa ifanye kazi? Wazee wakaguna kwa kuridhika.

"Na zisipoota?" aliuliza Loisi.

"Zitaota, mama."

"Nimesikia. Na zisipoota?"

Hapa ndipo ningependa kumshika Halfani mkono. Lakini alikuwa ameshalewa sifa, na alijua, kama anavyojua jina lake, kwamba hakuna kichwa pale kitakachokataa. Akasimama katikati ya baraza, akanyoosha kidole kwa punda wake. "Zisipoota kwenye kichwa kimoja, kimoja tu cha hapa, chukueni punda wale wote wawili na robota lote la nguo. Mbele ya Mungu na mbele ya watu."

"Kimoja tu?" alisema Jumbe Matonya, kwa ile sauti yake ya chini.

"Kimoja tu, Jumbe."

"Sisi tumekubali," alisema Jumbe, na kijiji kizima kikaitikia kwa pamoja, haraka kidogo kuliko Halfani alivyotazamia. Aliichukulia kuwa ni imani.

Basi akakaa kijijini akingoja nywele za watu, na hajapata kungoja kwa raha vile. Asubuhi maziwa, mchana ugali wa mtama na mlenda, jioni maziwa tena. Akina mama walipaka marhamu, wakapaka na watoto, ngozi zikawa laini, na mzee mmoja akawa anaipaka magotini na kuapa kwamba sasa anainama vizuri. Halfani alipita nyumba kwa nyumba akitazama vichwa kama mkulima anavyotazama shamba. Kwanza weusi mwembamba kama masizi. Kisha vipele vidogo vya nywele. Kisha nywele zenyewe, zimesimama, hazina ubishi. Usiku alilala chali juu ya robota lake akihesabu vichwa na kuvigeuza mbuzi, na kila mara alipofika mwisho alimwona Zaitun amesimama mlangoni, ungo umemwanguka.

Jambo moja tu hakulitilia maanani. Tangu siku ile ya baraza, Jumbe alikuwa amerudia kuvaa tarbushi yake nyekundu aliyopewa na boma, na hakuivua hata alipokula. Halfani alidhani ni ukubwa.

Siku ya malipo watu wote walikusanyika. Mbuzi walikuwa wamefungwa mstari mzima kwenye ua wa miiba, wanene, wanalia kwa zamu, na kwa masikio ya Halfani ilikuwa kaswida. Akapita akikagua vichwa, mmoja mmoja, akimpongeza kila mtu. "Mashallah. Mashallah, mama. Wewe kijana utahitaji kitana." Akafika kwa Jumbe, akainamisha kichwa kwa adabu.

"Nimebaki mimi," alisema Jumbe Matonya, akavua tarbushi.

Kile kichwa kiling'aa. Kilikuwa kimepakwa marhamu asubuhi na jioni bila kukosa, kikanywa mafuta mpaka kikatosheka, na sasa ungeweza kujitazama meno ndani yake. Hapakuwa na unywele. Hapakuwa hata na dalili kwamba unywele umewahi kupita pale ukiwa njiani kwenda kwingine.

Halfani akakizunguka kichwa kile nyuma na mbele. "Jumbe," alisema, "lini... hizi nywele ziliondoka lini?"

"Mimi aliniposa akiwa hivyo hivyo," alijibu Loisi.

Halfani akageuka akawatazama watu. Nyuso zao zilikuwa na huzuni kubwa mno, huzuni ya watu wanaojiuma midomo kwa ndani. Ndipo akaelewa. Kijiji kizima kilijua. Siku ile barazani, katikati ya vichwa vilivyonyolewa, mtu mmoja alikuwa hajanyolewa kwa sababu hapakuwa na cha kunyoa, na ni mgeni peke yake asiyeweza kumtambua.

"Mlijua," alisema kwa uchungu wa kweli. "Mlijua hazitaota, na mkanyamaza."

"Na wewe ulijua zetu zitaota," alisema Loisi. "Ukanyamaza."

Halfani akaanza kueleza kwamba marhamu inahitaji muda kwa vichwa vya wakubwa, kwamba Sultani naye alichelewa, kwamba tarbushi imeziba hewa. Jumbe alimsikiliza mpaka mwisho, kwa upole. Kisha akasema kwamba yeye hana elimu ya mambo ya Stambuli, basi ni heri waende wote bomani Dodoma, wakamwulize Mdachi. Atafurahi kusikia habari za dawa hiyo. Labda atataka kujua na robota lilinunuliwa kwa nani.

Pale bomani palikuwa na benchi, na juu ya benchi lile watu walichapwa hamsa ishirini, yaani mara ishirini na tano, kwa kiboko cha ngozi ya kiboko, na hawakuulizwa habari za mawalii. Halfani alihisi mgongo wake unamwita kwa jina. Akaogopa, akaogopa sana, na hofu ndiyo iliyomnoa akili siku zote.

Akaangua kicheko.

"Jumbe, umeniweza," alisema akijipiga paja. "Nilitaka nione mtafika wapi. Hamjanitambua? Bibi yangu mzaa mama ni Mhehe, na Wahehe ni watani wenu tangu zamani. Mimi ni mtani wenu. Huu wote ulikuwa utani, na mtani hapelekwi bomani."

Mzee wa magoti akamtazama Jumbe, Jumbe akamtazama Loisi. Ni kweli, mtani hashtakiwi. Mtani atakuibia kuku nawe utacheka, atakutukana mazikoni nawe utacheka. Halfani akaona nyuso zinalegea, akavuta pumzi ndefu, na tayari akawa anapiga hesabu kwamba ikiwa yote ni utani, basi hata maagano ya punda ni utani, na kabla ya jua kuzama atakuwa mbali.

"Mtani," alisema Loisi, na sauti yake ilikuwa tamu kama asali. "Kumbe ni mtani, na sisi tunakuita mgeni. Tulikuwa tumepungukiwa na mtani kwenye msiba wetu."

Na kijiji kikamwangukia kwa mapenzi. Mmoja akachukua punda, mwingine akachukua punda mwingine. Robota likafunguliwa, amerikani ikagawanywa kwa urefu wa mikono. Kanzu yake ikamtoka, kofia ikamtoka, viatu vikaenda kwa mzee wa magoti. Kila alipofungua mdomo kupinga, mtu alimwuliza kwa wasiwasi, "Umekasirika?" Naye alijua, na wao walijua anajua, kwamba mtani hakasiriki. Anayekasirika si mtani. Na asiye mtani njia yake ni ile ya Dodoma.

"Sijakasirika," alisema Halfani. "Nacheka." Akacheka, machozi yakimtoka, akitazama robota la maisha yake linavyotembea vifuani mwa watu. Bagamoyo ikawa mbali kuliko Stambuli.

"Tena hukunyoa msiba," alisema Loisi. Wembe ulikuwa tayari mkononi. Akamkalisha kwenye kigoda na kuziondoa zile nywele zake za pwani, zilizokuwa zikimpa sura ya mtu wa kuaminika, mpaka kichwa chake kikafanana na cha Jumbe. Halafu akachovya kidole kwenye kibuyu, akampaka marhamu pole pole, utosini, nyuma ya masikio, kama anavyopakwa mtoto.

"Usihuzunike, mtani. Zitaota," alisema. "Utakaa hapa hapa, utachunga. Zikionekana, utatulipa mbuzi mmoja."

Halfani akajipapasa kichwa. Hakuwa na mbuzi, hakuwa hata na kanzu, na alijua kwa hakika kwamba nywele zitaota.