Gari la Mkwe Lina Umbea

Jumatatu, 4 Machi.
Mama watoto amekata shauri. Ijumaa ikifika, gari langu linauzwa vyuma chakavu ajenge banda la kuku. Kuku! Gari nililolitengeneza miaka thelathini na nane kwa bisibisi, koleo na kipande cha waya! Nikasema magari ya zamani yanatengenezeka, haya ya siku hizi ni mafumbo matupu. Mkwe wangu akacheka. Eti la kwako lazima liwe rahisi, baba, hujapumzika kulitengeneza hata wiki moja. Hana adabu. Nikaapa la kwake likiharibika nitalitengeneza mwenyewe. Mama watoto kakubali: nikiweza, langu linabaki.

Jumanne, 5 Machi.
Tatizo, la mkwe haliharibiki. Nimelingoja tangu asubuhi. Kiburi tu! Mchana wote wakiwa mezani, nikaaga nakwenda msalani. Nikafungua boneti. Injini siioni! Imefunikwa kama chakula cha mgeni. Nikapapasa ubavuni, nikapata plagi ya waya, ndogo kama jino la mbuzi. Nikaichomoa. Kichwa hiki si cha kufugia nywele.

Jumatano, 6 Machi.
Halikuwaka! Mkwe jasho linamtiririka. Nikatoka polepole kama daktari. Ncha ya bisibisi kwenye injini, mpini sikioni. Nikaguna. Jirani akauliza nasikiliza nini na injini imezimwa. Nikamwambia ndiyo maana yeye si fundi. Nikachomeka plagi yangu. Likanguruma! Binti yangu akapiga kigelegele. Ila kuna taa ya njano kwenye dashibodi imekataa kuzima. Nikasema ni pambo. Mkwe akampigia fundi wake.

Alhamisi, 7 Machi.
Fundi mwenyewe ni dada mmoja, mikono safi kama karani wa benki. Spana hana! Kachomeka kimashine chini ya usukani, akasoma mbele ya watu wote: boneti ilifunguliwa Jumanne saa saba mchana, plagi ikachomolewa dakika mbili baadaye. Mama watoto akauliza taratibu, nani alikuwa msalani saa saba. Gari gani hili? Langu halijanichongea kwa mtu hata siku moja!

Ijumaa, 8 Machi.
Mnunuzi wa vyuma kaja na lori kuukuu. Wakalipakia gari langu. Nikageukia ukuta, vumbi limeniingia machoni. Mara lori likagoma! Yule dada, aliyekuja kuzima ile taa ya njano, akalizunguka na kimashine chake, hapana pa kuchomeka. Mkwe akanong'ona labda na mzee naye kasahau kazi. Nimesahau? Mimi? Bisibisi, koleo, waya, dakika kumi. Likanguruma! Makofi! Nilikuwa getini napunga mkono ndipo nikakumbuka limebeba nini.

Jumamosi, 9 Machi.
Ubishi nimeshinda, hilo halina mjadala. Mnunuzi kwa kunishukuru ananipa gari lingine bure, kuukuu kuliko langu. Linakuja kesho, Mama watoto akiwa kwa dada yake. Mnunuzi kanitahadharisha halina injini. Afadhali! Injini ndiyo huwa inaharibika.