Matanga ya Mjomba Asiyepiga Simu

Jumatatu, 5 Juni

Tumeingia! Kampuni changa kumi tu zimechaguliwa Kumasi nzima, na Yaako imo. Nimempigia Mama hata shati sijavaa. Akauliza kama kuna mshahara. Nikamweleza: miezi mitatu ya kulelewa na wataalamu, kisha mshindi apewe mtaji. Akasema yeye amenilea miaka thelathini na minne na mtaji bado hajauona. Nikacheka, kidogo.

Yaako ndiyo pole tunayompa mfiwa, na nimeipa programu yangu ya simu jina hilo. Mtu akifiwa, inawajulisha jamaa wote kwa pamoja: msiba uko wapi, turubai liko upande gani, nguo ni nyekundu na nyeusi au nyeupe na nyeusi. Katika mji ambao kila Jumamosi ni misiba, sijui kwa nini hakuna aliyeniwahi. Dwomo, kijana wangu wa kompyuta, ndiye aliyeiandika, mimi ni mkurugenzi. Kasoro yake ni moja: haijawahi kutuma ujumbe wowote. Dwomo anasema ni jambo dogo.

Jumanne, 6 Juni

Siku ya kunadi mawazo. Afriyie, yule mwenye sanduku la kupoza nyanya kwa umeme wa jua, alikuja na wanawake wawili wa sokoni. Wakalisifu sanduku mpaka jaji mmoja akapiga makofi. Maonyesho tu.

Zamu yangu. Bi. Lartey, jaji mkuu kutoka Accra, aliuliza familia ngapi zinaitumia Yaako. Nikausikia mdomo wangu ukisema nyingi. Akauliza kama anaweza kuona msiba mmoja. Mdomo ukasema Jumamosi hii, Ejisu, nje ya mji. Naujutia sana mdomo huu. Afriyie alinitazama kama nyanya iliyoanza kulainika.

Jumatano, 7 Juni

Nimeshinda nikitafuta mfiwa. Nyumba ya kwanza wana mtu wao wa mabango na hawataki mwingine. Nyumba ya pili nilianza kutoa pole, marehemu akatoka chumbani kuuliza ni nani anayemlilia. Kumbe alikuwa na malaria tu.

Mchana nikakaa na Dwomo, sote tumenuna. Akaanza kumlalamikia kaka yake wa Toronto. Hapigi simu, hajibu, mama yao kule Obuasi amekonda kwa kungoja. Akasema, "Bosi, yule ni kama amekufa tu."

Nikasimama. Wangu ninaye! Mjomba Takyi, ndugu pekee wa Mama, yuko Hamburg. Miaka minane hajapiga simu, tangu wagombane na Mama juu ya nyumba aliyoianza Ejisu akaiacha bila paa. Na kwetu matanga ya juma la kwanza hayahitaji jeneza, mazishi huja baadaye. Turubai, viti, picha, basi. Bi. Lartey ataona, ataandika, atarudi Accra. Mama anakaa Bantama. Ni mbali. Hatajua.

Dwomo aliuliza kama si vibaya. Nikamwambia mtu akinyamaza miaka minane amejitolea mwenyewe.

Alhamisi, 8 Juni

Picha nzuri ya Mjomba iko ukutani kwa Mama. Nimemwambia naipeleka kutiwa fremu mpya. Aliipangusa kwa pindo la kitambaa chake kabla hajanipa, akasema niirudishe Jumapili, asije akazoea ukuta mtupu.

Hapo ndipo ningegeuza njia. Nilijua kabisa. Nikaenda kwa mchapishaji wa mabango.

Ijumaa, 9 Juni

Dwomo ameipata kasoro. Tukaandika tangazo la msiba, nikachagua watu ishirini, majirani wa Ejisu tu, nikabonyeza. Imetuma! Kwa mara ya kwanza tangu izaliwe! Nikamkumbatia Dwomo. Yeye hakunikumbatia. Alikuwa anaangalia kioo cha simu.

"Bosi, imewatumia wote."

Nikauliza wote gani.

"Kila aliye kwenye simu yako."

Yaani kanisa la Mama, umoja wa kina mama, ukoo mzima. Na Mama. Nimempigia mpaka simu imekuwa moto. Hapokei. Nilikwenda Bantama nikakuta mlango umefungwa. Jirani akanipa yaako.

Jumamosi, 10 Juni

Watu walijaa mpaka barabarani, wote wamevaa nyekundu na nyeusi, sawasawa na tangazo. Bi. Lartey alizunguka akitikisa kichwa kwa furaha. Mzee wa ukoo akaja na watu wake, akaniuliza tangu lini mpwa anatangaza kifo kabla ukoo haujaambiwa. Kisha kila aliyenipa mkono akawa ananitazama kwa jicho moja, na jicho la pili liko kwenye ile nyumba isiyo na paa. Hapo ndipo nilipokumbuka jambo analolijua hata mtoto wa Kiashanti: mjomba akifa, anayerithi ni mpwa. Mpwa ni mimi.

Halafu Mama akaja.

Kitambaa cha kichwani kiliteleza. Amenyoa kwa ajili ya msiba. Nywele zote, zile alizokuwa akizisuka kila Jumamosi nami nimekaa kando namshikia kitana. Akaketi mbele ya picha akazungumza nayo taratibu. "Takyi, namba yako ninayo. Nilikuwa nangoja uanze wewe."

Bi. Lartey alilia. Mimi nilipiga magoti nikamwambia Mama sikioni kwamba Mjomba ni mzima. Akanisukuma, akasema nisimfanyie mzaha na maiti.

Simu ya mzee wa ukoo ikalia. Hamburg. Tangazo lilikuwa limemfikia marehemu. Mzee akaiweka spika, na sauti ya Mjomba ikatoka chini ya turubai:

"Mpwa wangu Bediako yuko hapo? Mwambieni angengoja kwanza niipaue nyumba!"

Waliokaa nyuma walikimbia. Mama hakukimbia. Aliichukua simu, akaenda nayo nyuma ya ile nyumba, akakaa huko mpaka viti vimekusanywa. Aliponipita hakunitazama.

Jumapili, 11 Juni

Nimeirudisha picha. Mama ameitundika mwenyewe, kitambaa kichwani. Nikamwambia yaako. Akasema neno hilo niwape wafiwa, yeye hakufiwa. Fufu ilikuwa mezani, inafuka moshi. Sikukaribishwa. Haijawahi kutokea tangu nizaliwe.

Nimelia njia nzima. Nilifanya vibaya, na niliyemfanyia ni yeye.

Jumatatu, 12 Juni

Nimeondolewa. Bi. Lartey amesema hajaona programu inayofanya kazi vizuri kama ile, ila msiba lazima uwe na marehemu. Afriyie alinipa mkono akasema, "Pole sana, kaka." Alimaanisha kweli. Nimemchukia zaidi.

Alhamisi, 22 Juni

Nimeitwa Bantama! Nywele za Mama zimeanza kuota, zina mvi nisizozijua. Mjomba anampigia kila jioni. Wanagombana juu ya paa, kisha wanacheka. Amenipakulia fufu, tonge dogo, bila nyama. Kabla sijanawa akaniapisha: nisiguse tena picha ya mtu yeyote wa ukoo wetu. Nikaapa. Niliapa kwa moyo wote.

Njiani nikawaza. Miaka minane ya kimya, na bango moja limekimaliza. Kumasi hii ina kina mama wangapi wanaongoja simu kutoka ughaibuni? Hiyo ni huduma! Accra kuna shindano jingine, wanafunga kesho, na wanataka kuona familia moja halisi.

Kiapo changu nakiheshimu. Wa ukoo wetu simgusi. Nimemwomba Dwomo picha ya kaka yake wa Toronto, nimemwambia naipeleka kutiwa fremu. Mama yao anakaa Obuasi. Ni mbali. Hatajua.