Uzinduzi wa Chumba cha Kupumzikia Madaktari

Mheshimiwa mimi mwenyewe, ambaye kwa unyenyekevu nitajitaja baadaye. Waheshimiwa wasaidizi wangu wanne na msaidizi wao. Mwenyekiti wa kamati ya mapokezi na mwenyekiti wa kamati ya viti. Sista mkuu wa hospitali hii. Daktari uliyepo na daktari usiyekuwepo. Ndugu wagonjwa mlioko kwenye foleni, na nyie mliokaa chini kwa sababu mabenchi tumeyakalia sisi. Mabibi na mabwana, hamjambo? (Wachache: Hatujambo. Bibi mwenye goti lililofungwa kitambaa: Tungekuwa hatujambo tungekuja hapa?)

Asante, bibi, huo ndio ushirikishwaji wa wadau.

Nimesimama kwenye ukumbi huu wa wagonjwa wa nje, mbele ya mlango huu mpya wa buluu wenye utepe, nikiwa na furaha isiyopimika kwa kipimo chochote mlicho nacho, hata vile vilivyoharibika, kuzindua projekti jumuishi, endelevu na shirikishi ya uwiano wa kazi na afya kwa matabibu, kwa sababu utafiti tulioufanya kwa miaka miwili katika hoteli saba umebaini, kwa uhakika wa asilimia mia moja na nne, kwamba daktari naye ni mtu. (Makofi ya wasaidizi.) Ana mgongo. Ana miguu. Wengine, tumeambiwa, wana watoto.

Wapo wanaosema madaktari wetu wanachoka. Tuje kwenye takwimu. Mwaka jana, idadi ya madaktari walioumwa katika hospitali hii ilikuwa sifuri. Mwaka juzi, sifuri. Sifuri hiyo haikuja yenyewe, ndugu zangu, tuliitafuta kwa jasho: tuliweka utaratibu kwamba daktari anayejisikia vibaya ajaze fomu ya ruhusa ya ugonjwa, fomu isainiwe na daktari mwingine, maana mtu kujipima mwenyewe na kujipa ruhusa mwenyewe ni uhuni, na kwa kuwa hapa pana madaktari wawili, na mmoja wao kila wakati yuko semina ya Afya ya Daktari Kazini, hakuna fomu hata moja iliyowahi kusainiwa, na asiye na fomu, kwa mujibu wa kanuni, ni mzima. (Daktari, mwanamke aliyekaa mstari wa mbele na koti lake jeupe, anakohoa kwa muda mrefu.) Pole, dokta. Mnamsikia? Hicho ni kikohozi cha mtu mzima kabisa.

Na huyu dokta ni mfano wa kuigwa. Ameniandikia barua mara tatu. Anasema ana homa ya mapafu, wiki ya tano hii hajapumzika hata siku moja, anaomba siku saba, na kwamba daktari wa pili akikosekana kanuni inaniruhusu mimi kusaini. Ni kweli inaniruhusu. Lakini nikamwambia, mwanangu, nikisaini hapo sifuri yangu inakuwa moja, na moja haipendezi kwenye ripoti. Vumilia, nakuletea chumba. (Bibi: Mwache akalale. Jana nimekuja na goti, kaniandikia dawa ya macho.) Na macho yanaendeleaje, bibi? (Bibi: Yanaona vizuri. Yanauona na huo mlango.) (Kicheko.)

Safi sana. Chumba hiki, ndugu wananchi, kitakuwa na vitanda kumi na viwili, mashine ya kukanda mgongo, birika la chai linalojizima lenyewe, na pazia. Daktari ataingia humu akiwa amechoka, na atatoka akiwa amechoka kwa kiwango cha kimataifa.

Sista mkuu ameniletea kitabu cha wageni. Nisaini wapi, sista? (Sista mkuu: Hapa, mheshimiwa. Na hapa. Na hiki kikaratasi cha katikati, hapa chini.) Mnaona? Mimi sisomi ninachosaini. Kiongozi anayesoma kila kitu hana imani na watu wake. Nimesaini. Na muhuri huo. (Sista mkuu anakichomoa kikaratasi, anampa daktari. Daktari anakisoma mara mbili, anavua koti, anatoka nje polepole. Foleni nzima inapiga makofi. Waliokaa chini wanasimama.) Asanteni, asanteni, kaeni. Sijawahi kushangiliwa saini namna hii.

Sasa kaulimbiu. Nikisema "Daktari apumzike", nyie mnajibu "akiwa kazini". Daktari apumzike. (Wasaidizi: Akiwa kazini.) Uchovu. (Wasaidizi: Ni mtazamo.)

Nimalizie kwa shukrani. Namshukuru fundi rangi. Namshukuru aliyeandika kibao. Na kwa namna ya pekee namshukuru seremala, aliyeupigilia mlango huu kwenye ukuta wa stoo kwa misumari sita, kwa ustadi mkubwa kiasi kwamba ukiutazama unadhani nyuma yake kuna kitu. Chumba chenyewe kiko awamu ya pili, awamu ya pili iko mezani, na meza imepelekwa kutengenezwa. Kwa hiyo nikishakata utepe naomba mtu asishike kitasa.

Nakata. (Anakata.) Jamani, nimesimama saa mbili na nusu, kichwa kinazunguka, miguu siisikii. Dokta, hebu njoo unipime presha. Dokta? (Sista mkuu: Ameenda nyumbani kulala, mheshimiwa. Siku saba, kwa saini yako. Na yule wa semina anarudi kazini kesho asubuhi. Ni mstari wa pili wa karatasi ileile.) Kwa hiyo sifuri yangu... (Sista mkuu: Ni moja.)

Na mimi leo ananipima nani? (Sista mkuu: Mimi. Ila kuna foleni, mheshimiwa. Wewe uko nyuma ya bibi.)

Basi angalau nijilaze mahali mpaka zamu yangu ifike.

(Bibi, akiuonyesha mlango wa buluu kwa fimbo yake: Vitanda kumi na viwili, mwanangu. Chagua.)