Visiki vya Koplo Paquin

Jumatatu, 8 Oktoba 1917. Milima ya Jura, Ufaransa.
Kapteni katangaza: jenerali anakuja Ijumaa kukagua msitu ambao kikosi chetu kinaukata, na koplo mmoja atapandishwa cheo awe sajini. Ni mimi! Nani mwingine? Mahandaki ya vita hii yamesimama kwa mbao zangu. Na baba yake Delima, mchumba wangu, ameapa hamwozi binti yake kwa koplo. Kikwazo ni Ludger Brisson, koplo mwenzangu. Mwembamba, mtiifu, anachosha.

Jumanne.
Bwana misitu Guyot, Mfaransa anayeulinda msitu huu utadhani ni mke wake, kalalamika. Eti visiki vyangu ni virefu, tunaacha mbao ardhini, tukate usawa wa udongo. Nikamweleza kwamba kwetu Quebec, Kanada, theluji hufika kiunoni, mti hukatwa juu yake, na ndivyo alivyokata babu yangu. Akaniuliza theluji iko wapi. Swali la kipuuzi! Kukata hivyo ni lazima upige magoti, nami hupiga magoti kanisani tu. Ludger kapiga magoti kutwa, anakata chini kabisa kama mvuna vitunguu. Aibu tupu.

Alhamisi.
Nimepata! Nimevifukia visiki vyote kwa udongo na majani. Vilima vidogo, vinapendeza. Ludger kauliza ninamzika nani. Nikamjibu ninazika cheo chake. Nimecheka mwenyewe mpaka chakula cha jioni.

Ijumaa.
Jenerali kafika. Akauliza vilima ni vya nini. Bila kusita nikasema ni vya fuko, wale wanyama wachimba mashimo. Fuko wa Ufaransa, wakubwa sana. Guyot akakohoa. Jenerali akapanda juu ya kimoja ili alione bonde vizuri. Udongo ukaporomoka. Mheshimiwa akaja chini, medali na yote, chali, miguuni pangu. Kisiki kikabaki kimesimama uchi.

Jumapili.
Ludger ni sajini. Nami nimeamriwa kuvikata upya visiki vyote, nikiwa nimepiga magoti. Ludger ananisimamia huku akipiga kelele: “Chini zaidi, Paquin! Theluji imeyeyuka, kaka!” Kikosi kizima kinacheka. Wacha wacheke. Hila yangu haikuwa na kasoro, ila udongo wa nchi hii ni laini mno. Safari nyingine natumia mawe.

Nimemwandikia baba yake Delima kwamba jenerali mwenyewe ameniangukia miguuni mbele ya jeshi. Sajini gani aliwahi kupata heshima hiyo?