Draya Isiwashwe Kabla ya Kura

Tunayo furaha kuutangazia umma kwamba chama chetu cha ushirika cha wakulima wa mahindi, hapa Kitale, sasa kinahifadhi maarifa yake yote ndani ya kabati moja lenye kufuli. Mimi ndiye hulipanguza hilo kabati, kwa hivyo nasema kama mhusika.

Kazi ilianza Mzee Wepukhulu alipostaafu. Kwa miaka thelathini na mmoja ndiye aliyewasha draya, mashine yetu ya kukausha mahindi. Meneja, Bwana Kemboi, alisema maarifa yasiyoandikwa hayapo. Akamkalisha mzee ofisini, nikaleta chai, akaandika neno kwa neno.

"Fungua mafuta robo. Gonga bomba mara mbili," mzee alisema. Ni mtu wa Chwele, na ulimi wake ni wa Chwele. "Harafu, mkubwa, usiwashe kabla ya kura."

Kalamu ya meneja ikasimama. "Kila siku?"

"Kila siku. Hata mimi sijawahi kuruka. Tena kura ya kutosha, si kidogo kidogo."

Meneja akaandika: Draya isiwashwe kabla ya kura. Kura iwe ya kutosha. Akapiga muhuri.

Mimi nilijua mzee alimaanisha chakula. Draya ikishawaka hubanduki hapo nusu siku nzima. Ukienda kutafuta ugali unarudi kukuta bisi. Nilimpelekea sahani yake miaka mitano, nikamshikia spana akigonga. Lakini fomu ya meneja ya kuandikisha Wenye Maarifa inataka cheti cha darasa la nane, na mimi niliishia la sita. Kwa hivyo, kirasmi, sikujua.

Mzee akarudi kwao. Mvua ya Oktoba ikashika, mahindi yakaingia mabichi. Kamati ikapiga kura kila asubuhi. Jumatatu ilikuwa watatu kwa watatu. Jumanne akidi haikutimia. Jumatano walipigia kura maana ya "ya kutosha", ikashindwa.

Mama Chepngeno, aliyeteremsha magunia arobaini kutoka mlimani, alikuwa akitia mkono ndani ya gunia na kunusa.

"Yameshika joto," akaniambia. "Siku mbili hivi ni ukungu. Hata nguruwe atakataa. Si mumpigie huyo mzee simu?"

Nikapeleka hoja kwa meneja, pamoja na chai.

"Tukimpigia," alisema, "itaonekana hatukuhifadhi."

Nikarudi, nikamnong'oneza mama: "Alisema kula. Na kuwasha naweza." Alicheka mpaka akakalia gunia.

Alhamisi alikuja na wanachama mia moja na kumi. Ili watulie, meneja akafungua kabati, akawasomea mwongozo.

"Hiyo kura anapiga nani?" Mama Chepngeno akauliza.

"Haijaandikwa."

"Ni kura ya nini?"

"Pia haijaandikwa, mama."

"Basi ni yetu." Akawageukia wenzake. "Wanaotaka Nasambu awashe draya?"

Mikono ikapanda. Nasambu ni mimi. Nilitazama viatu vyangu.

"Na wanaotaka bwana meneja ashike jikoni mahali pake?"

Mikono ikawa mingi zaidi. Wengine waliinua miwili.

"Hii si halali," alisema meneja.

"Kwani si ya kutosha? Ama tuongeze?"

Meneja aliangalia mwongozo. Muhuri ulikuwa wake, na sahihi pia. Akavua koti.

Baada ya kitambo alichungulia kutoka jikoni. "Nasambu, maji ya ugali ni kiasi gani?"

Nilimwambia, kwa sauti ya chini, kwamba hilo litahitaji fomu.

Ugali ulikuja na mabonge. Nilikula wa kutosha, si kidogo kidogo, kisha nikafungua mafuta robo na kugonga bomba mara mbili.