Kanga Ilienda Msituni Kunisemea

Jumatatu, 1 Desemba 2003
Bi Agnes, afisa misitu, atatupeleka Ijumaa msitu wa bondeni mwa Ruvuma, wasichana watano wa Chuno tuliomaliza kidato cha nne. Kutazama ndege na viboko. Mmoja atachaguliwa kuongoza wageni mpaka matokeo yatoke. Nataka niwe mimi. Ila mbele za watu sauti hainitoki, na Rukia, mmoja wetu, husema hata asipoulizwa. Leo kaka yake wa bandarini amemwazima darubini. Amepita nayo kwetu mara tatu. Anatazama kuku.

Jumatano, 3 Desemba
Nimepata njia. Nisiloweza kusema, kanga italisema. Mama ana doti mpya sandukuni: UNARINGA NA CHA KUAZIMA. Nitajifunga moja, nyingine mabegani, nitembee mbele ya Rukia siku nzima. Ilikuwa bado haijakatwa. Nimeikata. Mama sikumwomba, angeuliza maswali.

Ijumaa, 5 Desemba
Tulipewa madaftari tuandike tutakachokiona. Nilitembea mbele ya Rukia. Hakusoma. Darubini ilikuwa machoni, anatafuta ndege juu ya miti. Nikapunguza mwendo. Akanigonga, akatumbukia dimbwini hadi kiunoni. Darubini aliinua juu, haikupata hata tone. Bi Agnes akaniambia, mwanangu, msitiri mwenzako. Nikavua ya mabegani, nikampa Rukia. Hapo ndipo aliposoma. Alicheka mpaka akashika mti. Akaniuliza, shoga, kwani hii si ya mama yako? Wenzetu wakasema tumependeza, sare kama ndugu wa bibi harusi.

Jumapili, 7 Desemba
Amechaguliwa Rukia. Bi Agnes amenirudishia daftari. Nimelisoma. Saa tatu: Rukia anajichekesha. Saa nne: Rukia amepewa maji kwanza. Saa tano: Rukia anasema yule ni mdiria. Basi. Siku nzima ndege mmoja, naye wa Rukia.

Jioni akaja kurudisha kanga, ameifua na kuipiga pasi. Akamkabidhi Mama mkononi. Nitachota maji peke yangu hadi Januari.

Nimekaa kutafakari kosa langu lilikuwa wapi. Nimeliona. Maandishi yalikuwa madogo. Ya kanga nyekundu ya shangazi yanasomeka toka ng'ambo ya barabara.

Shangazi yuko msibani mpaka Jumanne.